Ree ya Kopa na Mpika Halua

Katika mji wa Kusturi, wenye kuta nyeupe na watu wasiokubali kushindwa, alitawala Sultani Shamlani, naye aliipenda karata kuliko taji lake. Kila mwaka aliitisha mashindano, na mshindi aliruhusiwa kuomba alitakalo. Vijana wote walitaka kumwomba binti yake, Siti Jauhari, lakini binti mwenyewe aliketi zuliani akawashinda wote, kisha akaomba wakafagie soko. Na walikuwa wezi wa karata, wallahi! Huyu kaficha ree, karata kubwa kuliko zote, kilembani, yule akonyezana na nduguye, na sheria ilisema tu kwamba mwizi akikamatwa apandishwe punda kinyumenyume, azungushwe mjini. Asiyekamatwa aliitwa hodari.

Mwaka mmoja akaja Mahfudhi, mpika halua, aliyempenda Siti Jauhari tangu alipomsikia akicheka dirishani. Alivaa pete ya babu yake, na ndani yake mlifungwa jini Dahari, aliyeapishwa kuhakikisha mwenye pete hashindwi kamwe. Mahfudhi alimkataza kuingilia mchezo, na kwa akili zake mwenyewe akafika fainali, uso kwa uso na Siti Jauhari.

Turufu, yaani karata zinazozishinda nyingine zote, ilikuwa kopa. Mahfudhi alikuwa anaelekea kushindwa, mara akaona mkononi mwake ree ya kopa ambayo hakugawiwa.

"Dahari! Si nilikukataza?" akanong'ona.

"Ulinikataza, bwana wangu, nami nilisikia. Kiapo ndicho kisichosikia."

Akiitupa tu, Siti Jauhari ni wake. Mahfudhi akashikwa na tamaa na haya, kisha akasimama.

"Ewe Sultani mtukufu, nimeshika karata isiyo yangu. Huu ni wizi wa jini wa pete hii, na pete ni yangu."

Kadhi akakuna ndevu. "Sheria yamtaja anayekamatwa. Aliyejikamata mwenyewe hatumjui."

"Punda wake atangoja," akasema Siti Jauhari. "Gaweni upya."

Mahfudhi akaivua pete, akamwacha jini huru, na Dahari akatoka akilia kwa furaha, akaketi kati ya watazamaji na kuagiza kahawa. Ndipo ukachezwa mchezo mtamu, watu wakisahau hata kukonyezana, na kwa karata ya mwisho kabisa Siti Jauhari akashinda.

Moyo wa Mahfudhi ulivunjika, lakini akainama. "Hongera, Siti. Umecheza. Ufagio uko wapi?"

"Uache ufagio. Mimi mshindi naomba nitakalo, na namtaka huyu."

"Mwanangu," akashangaa Sultani, "wamtaka uliyemshinda?"

"Baba, wote nimewashinda. Huyu peke yake ndiye aliyecheza nami."

Harusi ikafanywa, zikapigwa ngoma na tarumbeta, na halua ikaliwa hadi watu wakalegea. Na kwa kuwa sheria ni sheria, bwana harusi alipandishwa punda kinyumenyume. Wenye wivu wakamcheka, lakini bibi harusi alifuata nyuma juu ya farasi wake, na Mahfudhi akazunguka mji mzima akimtazama usoni. Basi nawe msikilizaji, ukishindwa, shindwa kwa haki. Huenda anayekushinda ndiye anayekutaka.