Milima Miwili Kwenye Sarafu

Hadithi, hadithi! Na maharage yangu yakiungua mtakula hadithi? Nyie wakubwa mnaojifanya mmekuja kuota moto, nawaona. Haya. Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na soko, sarafu hawana. Desturi yao ilikuwa hivi: chenye sura yako ni chako. Kikapu chenye sura ya Ngiri, cha Ngiri. Basi.

Simba akasema, "Tutafinyanga sarafu za udongo. Kamati ya raia itazame michoro, iwaulize wenzao, inishauri. Mimi nitaamua. Lakini msinichoree mnyama! Sarafu ni ya wote."

Mwenyekiti akawa Nyani. Wajumbe Ngiri, Pundamilia na Bi Kanga, muuza mtama, mama wa vifaranga wasioshiba.

Mchoro wa kwanza, kisima. Wa pili, milima miwili na jua jekundu katikati.

"Nani kachora hii milima?" Bi Kanga akauliza.

"Hataki kutajwa. Mnyenyekevu mno," Nyani akasema. "Karibuni ndizi!"

Ngiri nyam, nyam. "Milima mizuri, Mwenyekiti."

Pundamilia nyam, nyam. "Na jua limekaa vizuri."

Bi Kanga hakugusa ndizi. Nyani huyu, asiyempa mtu hata ganda, leo anagawa? Akaukodolea mchoro jicho moja. Akaukodolea la pili.

"Milima hii iko wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Bi Kanga, una kelele wewe!"

"Nimezaliwa nazo. Mbona haina hata mti? Na huu mkia?"

"Mto huo, mama!"

"Mto unaopanda juu?"

Nyani akakohoa. "Kamati imekwisha kukubaliana."

"Kamati imeshiba, haijakubaliana. Raia hawajaulizwa."

Akauburura mchoro mpaka uwanjani, buru, buru, buru. Raia wakauzunguka. Nyani akaja mbio, jani la mgomba alilojifunga kiunoni likimpigapiga nyuma. Enzi hizo hakuwa akilivua hata kidogo. Kwa nini halivui? Bi Kanga alikuwa akijiuliza hilo tangu asubuhi.

Akajaza kifua. "Kekeke! Chui! Chui nyuma yako!"

Nyani huyoo, mtini! Jani, pwata, chini.

Raia wakatazama juu. Wakatazama mchoro. Wakatazama juu tena.

"Mamaa!" Ngiri akatema ndizi. "Milima ile kule! Na mto wake!"

"Sarafu zote zingekuwa zake," Bi Kanga akasema. "Mtama wangu ningeuza, na malipo yangemrudia yeye. Wanangu wangekula nini, milima?"

Raia wakachagua kisima. Kamati ikamshauri Simba hivyo, Simba akakubali. Kisha akamwita Nyani.

"Ulitaka makalio yako yaingie kwenye sarafu?"

"Bwana mkubwa, nilikuwa natania…"

"Yataingia kazini."

Sikilizeni, na nyie wakubwa pia: anayekulisha kabla hujatoa ushauri, mkague mbele na nyuma, na waulize wenzako kabla hujasema ndiyo.

Nyani je? Alilipa. Kila sarafu ya nchi ile, udongo chini, jiwe lililochongwa kisima juu, yeye juu ya jiwe akiligandamiza. Kaa, inuka! Kaa, inuka! Makalio aliyokuwa akiyaringia kwa siri, laini kama vitumbua, yakaota sugu, na sugu hizo anazo hadi leo. Hadithi yangu imeishia hapo hapo alipokalia.