Nyumba ya Manukato na Kasuku wa Mundhiri

Katika mji wa Rihani, zama za Sultani Shamakhi bin Ghanimu, ambaye taji lake lilikuwa la lulu na hasira yake ya moto, palikuwa na nyumba ya manukato iliyoongozwa na mwanamke, naam, mwanamke, Bi Nusura binti Khalduni, na wajane wa mji walipata riziki zao humo kwa kuchemsha waridi na kusaga sandali, na harufu ya kazi yao ilivuka kuta za mji ikaisimamisha misafara njiani.

Ng'ambo ya barabara alikuwa binamu yake, Mundhiri, naye muuza manukato, na bwana huyu alikuwa na mali ya kumtosha yeye na wajukuu wake, lakini hakuila kwa raha, maana kila mteja aliyeingia kwa Nusura alimwona kama kaibwa dukani kwake. Akimwona binamu yake kavaa hariri mpya, homa. Akisikia kacheka, homa. Na kidoleni alikuwa na pete, na katika pete jini, jina lake Kashkashi, aliyefungwa kumtumikia.

"Labeka, bwana wangu," akasema jini. "Nikujengee kasri? Nikuletee yakuti?"

"Mimi sitaki kitu," akasema Mundhiri. "Nataka yeye asiwe nacho."

Jini akastaajabu. "Wallahi, sisi majini tunasingiziwa bure!" Kisha, kwa kuwa amri ni amri, akageuka kasuku wa kijani, akatua sokoni, akapaza sauti: "Marashi ya Nusura ni maji yaliyooshewa maiti!"

Neno likaenda baraza hadi baraza, na maharusi wakarudisha chupa, na Sultani, aliyekuwa karibu kumwoza binti yake, akatuma tarishi: "Siku ya harusi ikifika na soko bado linanong'ona, nyumba hiyo nitaifunga, na wajane wakatafute pengine pa kula."

Nusura akamwendea Shangazi Tufaha, mkuu wa wachanganyaji.

"Usijibu, mwanangu," akasema Shangazi. "Nyumba kama hii ibishane na ndege? Aibu! Wapelekee vyetezo vya udi, kama walivyofanya wazee wetu."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao: fundi wa manukato akisemwa vibaya hujibu kwa moshi wa udi, bila neno, na chumba cha kuchanganyia hufungwa ili siri ya ufundi isivuje. Basi Nusura akapeleka vyetezo kila baraza, hata kwa vinyozi. Lo! Watu wakauvuta ule moshi, wakatazamana.

"Umeona? Anafunika harufu."

"Na mlango kaufungia nini?"

"Maiti wamo ndani, shoga!"

Nusura aliposikia, akawaka. "Shangazi, heshima gani hii, mimi nimenyamaza na wajane wanalia? Watu wameniuliza swali, nami nimewajibu kwa moshi!"

Akafungua milango yote, na ile ya chumba cha kuchanganyia, na akawaita watu wa soko na kadhi na waosha maiti wenyewe, na wale waosha maiti wakaapa mbele ya kadhi kwamba maji yao humwagwa shimoni na hakuna aliyewahi kuja kuyaomba. Kisha Nusura akasimama, yeye mwenyewe, hakumtuma karani, akasema:

"Enyi watu wa Rihani, kasuku amesema uongo, na kisima chetu kile pale, choteni mnywe. Lakini lipo moja la kweli ambalo hamkuliuliza. Pipa la marashi ya masika lilichacha, nami niliharakisha nikaliuza bila kulinusa. Aliyenunua arudishe, apewe jipya."

"Kumbe!" akapayuka mama mmoja. "Ndiyo maana mume wangu alihamia sebuleni!"

Kicheko kikavuma, na watu wakaanza kumsifu Nusura kwa lile lile kosa lake, na Mundhiri, aliyekuwa kajibanza kati yao, akajipenyeza mbele. Hata kosa lake linasifiwa? Hata kosa?

"Msimwamini!" akafoka. "Kasuku wangu hakusema habari za kuchacha! Alisema maiti!"

Soko zima likamgeukia.

"Kasuku wa nani, baba?" akauliza Shangazi Tufaha, taratibu.

Kadhi akambana Mundhiri mpaka akaungama habari za pete na jini, na habari zikamfikia Sultani. Basi Sultani akaamuru pete ivuliwe apewe Nusura, naye akamwacha huru Kashkashi, akisema hana haja ya mtu wa kumsemea. Bintimfalme akaolewa akinukia waridi la Nusura, na wajane wakaongezewa posho, na Sultani akamleta waziri wake kijana kuposa, na Nusura akamchunguza kama anavyochunguza pipa, siku hizi kwa makini, akamkubali.

Nanyi mnaoongoza mashirika na kujifungia ndani mkiita hiyo busara, mkisemwa, jitokezeni mapema, kwa kinywa chenu, na semeni hata lile linalowachoma. Ukimya wenu wengine wataujaza wapendavyo.

Na Mundhiri? Hakupigwa, hakufungwa. Sultani aliamuru duka lake libaki palepale, mlango ukiutazama mlango wa Nusura, asubuhi hadi jioni, maisha yake yote.