Unga Uliotumwa kwa Basi

Ambakisye alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake Asajile, na ndugu huyo alikuwa hamsemeshi.

Kosa lilikuwa la Ambakisye. Siku walipomzika baba yao, Asajile alilia sana kaburini, akalia mpaka kofia ikamdondoka. Ambakisye, kwa ulimi ule wa watu wanaopenda kuchekesha, akasema mbele ya waombolezaji, "Huyu analia kama aliyekodiwa." Watu wakacheka. Msibani, jamani, watu wazima wakacheka! Asajile akaokota kofia yake, akashuka mlimani, akaenda kuishi bondeni kwenye joto na mashamba ya mpunga. Hakurudi tena.

Miaka ikapita. Kisha habari zikapanda mlimani kwamba Asajile anaumwa, ule ugonjwa wa kumpunguza mtu taratibu, kila mara mkanda wake unatobolewa tundu jipya. Ambakisye akaingiwa na hofu kwamba mdogo wake ataondoka na lile neno kifuani.

Ukoo wao ulikuwa na desturi. Aliyemuumiza nduguye kwa maneno husaga unga kwa mkono wake, akaupeleka jikoni kwa aliyeumia. Ugali ukisongwa, wawili hao hula sahani moja, na neno lile halitajwi tena. Basi Ambakisye akasaga. Mtu mwenye mvi zake akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, na wanawake wa jirani wakachungulia uani wakishika mbavu. Akautia unga kwenye kiroba cheupe, akakishona kwa sindano ya magunia, akaandika jina la mdogo wake kwa herufi kubwa. Mpaka hapo alikwenda vizuri. Ila kuupeleka mwenyewe, hapana. Mkubwa amfuate mdogo? Aonekane anabisha hodi na kiroba kichwani? Akaupeleka kwenye ofisi ya vifurushi ya kampuni moja ya mabasi. Ukutani walikuwa wameandika: TUMA UKALALE. Naye, mtu mtiifu, alirudi nyumbani akalala kama aliyekwisha kusamehewa.

Akangoja simu. Simu haikulia. Akarudi ofisini.

"Mzigo uko njiani, baba," akasema dada wa dirishani, anamenya karanga za kuchemsha.

"Njia gani, mwanangu?"

"Njia hiyohiyo."

Akaja tena, akaambiwa mtandao unasumbua. Akaja tena, akaambiwa dereva yule amehamishwa. Mwishowe dada akapangusa mikono, akamwambia kwamba kiroba kilishushwa kimakosa kwenye stendi inayofuata, akipenda akakifuate. Ambakisye akapanda basi kwa hasira.

Stendi iliyofuata wakamwambia, "Kiroba cheupe? Kilikuwepo. Kilinyeshewa hapa, tukakipandisha gari jingine." Akapanda gari jingine. Stendi ya mbele wakasema, "Tumekiona. Kilikuwa kimechanika pembeni, kinavuja." Akapanda tena. Kila alipofika, kiroba kilikuwa kimemtangulia, na kila mtu alikuwa amekiona, na hakuna aliyekishika.

Basi likawa linashuka milima katikati ya ukungu. Ambakisye akaegemeza kichwa dirishani. Nje kila kitu kilikuwa cheupe. Weupe ulikuwa juu ya majani ya chai, juu ya mapaa, juu ya mabega ya watu waliosimama kando ya barabara bila kupunga mkono. Hakujua tena kama ule ni ukungu au ni unga wake, umemwagika nchi nzima. Akanyoosha kidole aguse kioo. Kilikuwa baridi. Macho yakajifumba.

Akaona basi zima limejaa viroba vimekaa vitini, vimeshonwa midomo, kila kimoja kimeandikwa jina la mtu kifuani. Kulikuwa na kimoja cha mama aliyewahi kumfukuza binti yake. Kulikuwa na cha mume, na cha rafiki. Viliyumba kwa pamoja kwenye kona, kimya, kama watu wanaotoka mbali na wamechoka kuulizana habari. Konda akapita katikati anasoma majina. Alipofika kwa Ambakisye akainama, akamwangalia kifuani muda mrefu, akanong'ona, "Na wewe umeandikiwa nani?"

Alipofumbua macho jua lilikuwa kali na ukungu umeisha. Basi lilikuwa limesimama stendi ya mwisho, bondeni.

Ofisi ya pale ilikuwa na rafu mpaka darini. Godoro la mtu, viatu vya mtoto, redio iliyofungwa kwa kamba, vyote vinangoja. Kiroba hakikuwepo. Ndipo Ambakisye alipolipuka. Akapiga meza, akaita wizi, akaita uzembe, akatoa hotuba mpaka abiria wakasogea kupata burudani ya bure. Karani, mtu wa shingo fupi na subira ndefu, akamwacha amalize pumzi.

"Mpokeaji anakaa wapi, mzee?"

"Hapo nyuma tu, karibu na mashine ya kukoboa."

"Sasa, ulishamuuliza yeye?"

  Abiria wakangoja kichekesho, hakikuja. Ambakisye akatoka nje polepole, akazunguka ofisi, akapita kwenye lundo la pumba za mpunga. 

Asajile alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mwembamba, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Akamtazama kaka yake akija mikono mitupu, shati limejaa vumbi la stendi zote.  Akajivuta, akaacha nafasi kwenye mkeka. Mkewe akachungulia, akarudi ndani, akatoka na sahani moja ya wali na mboga, na bakuli la maji ya kunawa.

"Mdogo wangu," akaanza Ambakisye, "kuna unga nilisaga mwenyewe, nikautuma, sasa hawa watu wa mabasi..."

"Nawa, kaka," akasema Asajile. "Wali unapoa."

Akanawa. Wakala. Wali ulikuwa wa mchele wa dukani na mboga ilikuwa na chumvi nyingi, na hakuna kati yao aliyetaja neno lolote la nyuma.

Kiroba hakijapatikana mpaka leo. Nami nawauliza ninyi mlioko dirishani, mnaogombana na karani mpaka sauti zinawakauka: yule mliyemtumia, mbona hamjazunguka nyuma ya ofisi mkamgongea?