Stata Kuukuu na Kidole Kizito

"Stata kuukuu haiogopi betri mpya, huogopa kidole kizito." Mmeisikia leo kanisani, mzee Mrutu alipoombwa arudi kuongoza kwaya, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Wajukuu zangu, haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Upareni, nami nilikuwepo. Methali hii ilianza hivi.

Shemeji yangu Senkondo, kaka wa babu yenu Ngwijo, alikuwa na gari dogo la kizamani alilouziwa na mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa jepesi, likipita juu ya daraja letu la mbao ambalo malori hayakuthubutu kulikanyaga. Ubaya wake ni kwamba umeme wake ulikuwa wa volti sita, na betri za namna hiyo zilikwisha madukani. Ya mwisho ilipokufa, gari likabaki uani, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma.

Binti yake Nakijwa, aliyesomea umeme wa magari Moshi, akaja likizo na betri ya volti kumi na mbili. Akabadilisha dinamo, koili, honi na balbu zote. Stata peke yake, ile mota inayoamsha injini, aliiacha.

"Na hii je?" baba yake akauliza.

"Hiyo inabaki, baba. Nyaya zake za ndani ni nene. Itazunguka kwa kasi zaidi, lakini kazi yake ni ya kitambo kidogo tu, kisha inapumzika."

"Itaungua! Mtoto aliyezoea kulishwa uji kwa kijiko, utammiminia sufuria nzima? Na nyingine ya kuingia hapa haipatikani."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Senkondo akachomoa waya wa betri, akasema gari lisiguswe hadi ipatikane stata ya volti kumi na mbili. Nakijwa akakusanya spana zake. Baba ni baba.

Siku chache baadaye babu yenu alikuwa akichimba tangawizi, nyoka aina ya moma akamgonga kwenye kifundo cha mguu. Majirani wakamfikisha kwa kaka yake, mguu umevimba hadi gotini, jasho linamtiririka. Hospitali iko kule chini tambarare. Kumbeba kwa machela tungefika jua limezama. Kulisukuma gari hakukuwezekana, maana ua ule uko bondeni na njia yake huanza kwa kupanda. Hendeli ya kuzungushia injini nayo ilikuwa imekwisha kuvunjika zamani.

Senkondo akasimama mbele ya gari, mikono kichwani. "Ikiungua je?"

"Ikiungua tutambeba," Nakijwa akajibu. "Usipojaribu pia tutambeba."

Mimi nikasema, "Shemeji, nakuomba."

Akaurudisha waya, akaketi kwenye usukani. Nakijwa akainama dirishani. "Gusa tu, baba. Ikishika, achia."

Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Stata ikalia kwa ukali ambao hatujapata kuusikia, gari zima likatetemeka, lakini injini haikushika. Kwa hofu Senkondo akazidi kukandamiza. Tukaanza kusikia harufu ya kuungua. Nakijwa akaingiza mkono, akamvuta kidole.

"Achia, baba! Si betri inayoiunguza, ni kidole chako. Iache ipoe."

Tukasubiri. Nilikuwa nimekipakata kichwa cha mume wangu, na subira ile ilikuwa chungu kuliko kilio. Kisha Nakijwa akamwashiria babaye. Senkondo akagusa kidogo, akaachia. Injini ikanguruma.

Sikumbuki vizuri njia ile, ila mbao za daraja zikigonga chini yetu. Nakumbuka daktari alipotoka akasema, "Mmewahi. Dawa imemkubali, na mguu utabaki wake." Nikaketi pale pale sakafuni, nikacheka huku nikilia.

Nilipotoka nje kuwapa habari, nilikuta gari bado linanguruma. Senkondo aliogopa kulizima lisije likakataa tena. Aliposikia kwamba ndugu yake atapona, akafuta macho, na Nakijwa akanyoosha mkono akalizima.

"Haya, baba. Liwashe."

Akagusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu joto la pasi. Likawaka mara moja. Akalizima, akaliwasha tena, akacheka mpaka wauguzi wakachungulia dirishani.

Huku nyumbani kila aliyekuja kumpa pole babu yenu alimuuliza Senkondo kama stata haikuungua, naye akawajibu wote jibu moja, hilo mlilolisikia leo. Watu wakalichukua. Mkunga wetu wa zamani aliporudishwa zahanati tulilisema, ili wampe kazi lakini wampe na kiti cha kupumzikia. Na leo, kwa mzee Mrutu, tumelisema tena: mwacheni aimbishe, ila msimkeshe kwenye mazoezi. Stata kuukuu haiogopi betri mpya, huogopa kidole kizito.