Funda la Kwanza Angani

Mwanamke mmoja alikuwa na binti aitwaye Nambua, rubani wa ndege, na siku zile hakukuwa na mtu aliyewahi kupanda juu kupita hewa. Wakubwa wa nchi wakaunda chombo cha kufika huko, wakamchagua Nambua akipande peke yake, aizunguke dunia mara moja, arudi.

Lakini wataalamu walikuwa wakibishana. Huko juu, walisema, kitu hakina uzito. Maji hayamwagiki, jiwe halianguki. Je, chakula kitashuka kooni? Baadhi walisema kitashuka. Wengine walisema kitampalia, naye atakufa pasipo mtu wa kumpiga mgongoni. Nyani alikwisha kutumwa akarudi hai, ila nyani hana kinywa cha kusimulia. Basi Nambua akapewa kazi moja iliyopita zote: ameze. Angeshindwa, safari zingekoma papo hapo, maana nani angekwenda mbali mahali asipoweza kula?

Mama yake, Nakiete, akaomba apike yeye. Akakoroga uji wa ulezi, mwepesi, kama ule anaonyweshwa mtoto mgonjwa. Mafundi wakautia katika mrija laini wa kukamuliwa. Siku ya kuagana Nakiete hakulia mbele za watu. Alimwekea bintiye sawa ukosi wa vazi, akarudi nyuma.

Chombo kikapaa kwa kishindo kilichotikisa mabati ya mji mzima. Kisha kimya. Nambua akaiona mikono yake ikielea mbele yake kama ya mtu mwingine. Dirishani dunia ilikuwa ikipita polepole, buluu tupu, nzuri kuliko alivyowahi kuambiwa, na maneno matukufu aliyokaririshwa na wakubwa yakamtoka kichwani yote. Aliogopa. Alijua kwamba huko chini watu wamezuia pumzi, na mama yake yu katikati yao. Akaukamua mrija, kinywa kikajaa. Uji ukasita kooni, naye akadhani ndio mwisho wake. Kisha ukapita.

Akabonyeza redio.

“Mama,” akasema, “uji umeshuka.”

Mji ukalipuka kwa vigelegele. Wataalamu waliokuwa hawasemezani wakakumbatiana. Watu wasiojuana wakashikana mikono barabarani, wakarukaruka kama watoto waliofunga shule. Nakiete akaketi sakafuni palepale alipokuwa, akacheka hadi khanga ikalowa machozi.

Nambua akarudi salama. Miaka ikapita. Wengine wakafika Mwezini wakaleta mawe. Wengine wakakaa huko juu hata wakala sikukuu. Ndipo watu wakaanza kumhurumia Nambua, kwamba yeye alizunguka mara moja tu, tena kwa muda mfupi. Hakuihitaji huruma yao. Kila chombo kilipopaa alisimama uwanjani, mvi kichwani na kifua mbele, akawatazama vijana wakipanda huku wakitaniana. Hakuna hata mmoja aliyetetemeka kwa lile lililomtetemesha yeye. Wengi hawakujua hata kwamba liliwahi kuogopwa. Jambo hilo halikumuuma. Lilimfurahisha kuliko medali zote, kwa kuwa hofu ile alikwisha kuimeza kwa niaba yao.

Nanyi mnaokula leo bila wasiwasi, mmewahi kuuliza ni nani aliyemeza kwanza?