Jina Atakalobaki Nalo Leokadia

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na mimi mwenyewe jibu sina.

Huko Bukoba walikuwepo wanawake wanne waliozeeka pamoja. Ujanani walichambua buni katika kiwanda kimoja cha kahawa, kwenye meza moja. Domitila alikuwa na ulimi: alilelewa na shangazi yake Masaka, akakijua Kiganda kama wenyewe. Speciosa alikuwa na moyo mgumu. Akishika jambo haliachi. Verdiana alikuwa na sauti. Akianza kuimba, meza nzima inafuata. Na Leokadia alikuwa na kumbukumbu. Alijua majina ya watoto wa kila mtu, nani alimkosea nani, na nani alishasamehe.

Basi ni Leokadia huyo ambaye kumbukumbu ilianza kumtoka. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwandalia chakula mumewe, marehemu wa siku nyingi. Daktari alimweleza binti yake, Asimwe, kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Leokadia alikuwa amekaa hapo hapo, na siku hiyo akili ilikuwa imetulia, kwa hiyo alielewa kila neno.

Tangu ujanani wale wanne walikuwa wakiambiana kwamba siku moja watakwenda Kampala, si kuuza kitu wala kuuguza mtu, kutembea tu. Kila mwaka lilitokea la kuwazuia.

"Twende sasa," Domitila alisema, "wakati bado anatujua."

Speciosa alikataa. "Mtu anayepotea nyumbani kwake, mnampeleka nchi ya watu?"

"Nipelekeni," Leokadia akajibu mwenyewe. "Nitasahau, najua. Lakini nitakuwa nimefika."

Ijumaa wakapanda basi, wakavuka mpaka pale Mutukula wakiwa na ndizi za kuchemsha na kopo la senene, panzi wa kukaanga, wasije wakahitaji kununua chakula njiani. Walifikia nyumba ya wageni ya kanisa, chumba kimoja, wawili kitanda kimoja, wakacheka kama wasichana. Jumamosi asubuhi wakaenda soko la Owino. Kazi ya kumshika Leokadia mkono alipewa Verdiana.

Verdiana aliuachia mkono ule ajaribu kiatu. Alipoinua kichwa, Leokadia hayupo.

Leokadia hakujua kwamba amepotea. Aliona watu wanakwenda haraka haraka, akadhani kengele ya kiwanda imelia naye amechelewa. Akawafuata. Barabara ikapanda mlima, mvua ikaanza, nyumba zikawa ngeni. Akauliza njia kwa Kihaya, watu wakatikisa vichwa. Kisha akasahau alichokuwa akiuliza. Akaketi kwenye baraza ya duka lililofungwa, akakumbatia nguzo, na woga ukamwingia kama mtoto aliyeachwa.

Kule sokoni Domitila alikwenda meza kwa meza. Alipiga magoti kama wafanyavyo wanawake wa Buganda, hata mbele ya wauzaji walio sawa na wajukuu zake, akauliza kwa Kiganda safi. Wengi hawakuwa wameona kitu. Mwishowe muuza mihogo mmoja akamwinua. "Nyabo, nimemwona. Ana kitambaa cha bluu kichwani, maneno yake nilielewa machache tu: anatafuta kiwanda cha kahawa. Amepanda kuelekea Namirembe." Kama si ulimi wa Domitila, wangeshuka kumtafuta upande wa chini.

Speciosa aliondoka kabla muuza mihogo hajamaliza. Alichungulia kila kichochoro. Kwenye kona pikipiki ikamgonga mguu, akaanguka. Watu wakataka kumpeleka hospitali, akakataa, akaendelea akiuburuza. Alipofika kwenye ile baraza, Leokadia alikuwa ameshasimama ili aendelee na safari yake. Kama Speciosa angechelewa, asingemkuta.

"Leokadia, ni mimi."

"Sikujui," Leokadia akasema. "Unataka kuniibia." Akaikumbatia tena nguzo, akaanza kupiga kelele. Watu wakajaa, wakamkamata Speciosa, na wengine walikuwa wanaokota mawe.

Ndipo Verdiana akatokea, amelowa chapachapa. Alitaka kueleza lakini Kiganda hakijui. Akaimba. Aliimba ule wimbo wa meza yao huku analia. Leokadia akaiachia nguzo. Vidole vyake vikaanza kutembea hewani, vikichambua punje ambazo hazikuwepo. Kisha akaitikia. Waliomshika Speciosa walipoona hivyo wakamwacha.

"Verdiana," Leokadia akasema, "mbona umelowa hivyo?"

Lakini Speciosa, Leokadia hakumtambua hadi jioni. Na ule mguu haukupona; mpaka leo Speciosa anatembea na fimbo.

Waliporudi Bukoba, Asimwe alikuja kumchukua mama yake akaishi naye Tabora. Asubuhi ya kuondoka akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nikikutajia watu wengi unachanganyikiwa, unalia. Hata ile picha yenu ya pamoja ilikuliza. Chagua rafiki mmoja. Picha yake nitaiweka karibu na kitanda, na jina lake nitakuambia kila unapoamka."

Akili ya Leokadia ilikuwa imetulia. Habari ya Kampala alikuwa amesimuliwa mara nyingi, na kila mara aliisikia kama ya mwanamke mwingine. Akawatazama wenzake waliokaa mkekani.

Domitila akasema polepole, "Mtaje Speciosa. Safari ilikuwa wazo langu."

"Aliponiona aliniogopa," Speciosa akasema. "Sitaki aamke kila siku akiniogopa. Mtaje Verdiana."

Verdiana akatikisa kichwa. "Mkono niliuachia mimi. Mtaje Domitila."

Leokadia akamtazama mmoja, akahamia kwa mwingine, akarudi tena kwa wa kwanza, na machozi yakamshuka bila sauti.

"Mama," Asimwe akasema, "gari linasubiri."

Nanyi mlionisikiliza, pimeni. Wawili kati ya hao watasahauliwa wakiwa hai, tena wakijua. Ungekuwa wewe ndiye Leokadia, na akili imekupa asubuhi hiyo moja tu, ungeondoka na jina la nani?