Mikeka ya Bi Sahau

Ukikunja mkeka, kiti hakitacheka.

Ndiyo methali mliyoisikia leo kwenye mkutano wa timu yenu, mkarudi hapa na sauti zimewakauka kwa kumzomea mwenyekiti. Mjukuu wangu Sijaona anasema aliyeitamka ni mzee mmoja wa nyuma kabisa, na mkutano mzima ukamgeukia. Na wewe mjukuu wangu Mkwanda, mume wangu, badala ya kukaa ule, unanizunguka tu kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaa. Maneno haya hayakushuka na mvua. Yalitoka kinywani mwa mama yangu mzazi, hapa hapa Lindi, na kisa chake kikinijia mpaka leo nashindwa kutulia.

Enzi hizo mji wetu ulikuwa na kampuni ya maonyesho iliyoitwa Tumbuizo. Aliianzisha Mzee Likunda, akajenga ua mkubwa wa makuti karibu na soko, na kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri mji mzima ulihamia huko. Kulikuwa na ngoma kidogo, sarakasi kidogo, lakini hayo yalikuwa ya kupashia moto. Tuliyemfuata alikuwa Bi Sahau.

Bi Sahau alikuwa kikaragosi, kibibi cha mti chenye kanga na miwani ya waya. Aliyemchonga ndiye aliyemchezesha, Mzee Nampunja, mtu mpole ambaye ukikutana naye njiani hamalizi hata salamu kwa haya. Lakini akiingia nyuma ya pazia akamwinua yule bibi mkononi, loo! Onyesho halikuanza mpaka Bi Sahau aulize, bado hajaonekana, "Wanangu, mpo?"

Sisi tukaitikia, "Tupo! Na wewe je?"

Naye akajibu, "Mimi sijui, hebu nijitafute."

Basi hapo tumeshavunjika mbavu, na mchezo wenyewe haujaanza. Kila wiki alikuwa amepoteza miwani, na kila wiki ilikuwa juu ya kichwa chake. Tukipiga kelele "Kichwani, bibi, kichwani!" yeye anauliza, "Kichwani kwa nani?" Hapo ndipo watu walipopata nafasi. Mmoja atasema kwa mwalimu mkuu, mwingine kwa mama mkwe wake, na Bi Sahau anakwenda kutafuta huko huko tulikomtuma. Kwa hiyo hapakuwa na maonyesho mawili yaliyofanana. Mzee Nampunja hakuona kitu kule nyuma ya pazia. Alikwenda kwa masikio. Alijua kicheko cha watoto na kicheko cha wajane, na alijua lini tumechoka kabla sisi wenyewe hatujajua.

Na tulikaa chini, kwenye mikeka. Kila nyumba ilikuja na wake na ilikuwa na mahali pake. Wetu ulikuwa kulia, karibu na pazia, na hata tukichelewa hakuna aliyepakalia. Mikeka iligusana, hivyo mtoto akisinzia kwenye wenu anaamkia kwenye wa jirani. Tulisema "kampuni yetu", ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyemiliki msumari mle ndani.

Mzee Likunda akafariki. Mwanawe Hemedi akarudi kutoka Dar es Salaam kushika nafasi yake.

Sitaki mseme Hemedi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, alisalimia kila mtu, na alivaa viatu vya kung'aa hata kwenye matope. Lakini aliikuta nyumba imejaa akaona haijapangwa. Kwanza aliwafukuza wauza karanga. Tukanung'unika, tukavumilia. Kisha akapunguza ngoma. Kisha ikaja kamba, ya kuwatenga watoto na wakubwa. Mji ukaanza kuwashwa. Kwa kinyozi hakuzungumzwi jingine, kisimani vivyo hivyo, na watu waliokuwa hawasemezani walipatana kwa sababu ya kumsema Hemedi. Halafu siku moja likabandikwa tangazo mlangoni: Jumamosi ijayo kuna wageni, watu watakaa kwenye viti, mikeka hairuhusiwi.

Mama yangu, Somoe binti Chande, alilisoma mara mbili. Akarudi nyumbani, akauchukua mkeka wetu kutoka darini, akauviringisha na kunitwika. "Twende," akasema. Njiani tulimpitia Mzee Nassoro kinyozi, ambaye aliacha mteja wake na nusu ya ndevu.

Hemedi alitupokea ofisini vizuri kabisa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Karibuni viti."

"Marahaba," mama akajibu, akabaki amesimama.

Mzee Nassoro hakungoja. "Hemedi, baba yako alikuwa akitufungulia mlango kwa mkono wake. Sasa watoto wetu unawafungia kamba kama mbuzi wa Idi?"

"Mzee wangu, nyakati zimebadilika. Wageni hawa wanatoka Dar es Salaam. Wakilipenda onyesho, Tumbuizo itazunguka nchi nzima. Kweli niwakalishe chini watu kama wale?"

"Na watoto utawaweka wapi?" mama akauliza.

"Nyuma, mama, na watulie. Makelele yao yanaharibu mchezo."

"Makelele ndiyo mchezo, mwanangu. Nampunja haoni kitu kule nyuma. Anasubiri tumwambie aende wapi."

"Hilo nimelifikiria." Hemedi akatabasamu kama mtu aliyengojea swali hilo. Akabonyeza redio ya kaseti iliyokuwa mezani, na mara ofisi ikajaa vicheko. Walicheka watu tusiowajua, wa nchi tusiyoijua, wakapumzika, wakacheka tena. Mimi nilitazama chini ya meza kuwatafuta. "Nitaiweka kwenye vipaza sauti," akasema. "Mzee Nampunja atasikia kicheko cha kutosha, na cha kistaarabu."

"Na mchezo ukimharibikia?"

Hemedi akashusha sauti. "Basi Bi Sahau ataingia kashani, na mzee apumzike. Si kwa ubaya, mama. Lakini tuelewane. Nyinyi ni watazamaji. Kazi ya mtazamaji ni kutazama."

Nilidhani mama atamtukana, na ningefurahi. Badala yake aliuchukua mkeka kichwani pangu, akaukumbatia kifuani.

"Sawa, baba. Mali ni yako. Ila nikuambie: ukikunja mkeka, kiti hakitacheka."

Tukatoka.

Nje mambo hayakuwa rahisi kama ofisini. Mzee Nassoro alitaka tugome, asiingie mtu, na tukae nje ya ua tukiwa kimya, ili Hemedi aone kama viti vyake vinaweza kucheka. Watu wengi wakamuunga mkono. Lakini wengine wakasema, jamani, tukinyamaza tunamgomea nani? Mchezo ukiharibika, atakayefukuzwa ni Nampunja. Na tukiingia tukacheka, Hemedi atasema viti vimefaa, na mwaka ujao ataleta katazo jingine. Walibishana siku hizo zote mpaka maneno yakaisha. Mimi usiku sikulala. Nilimwona Bi Sahau ndani ya kasha, gizani, akiuliza kama tupo.

Jumamosi ilipofika, wachache waliingia ndani kwa aibu, wakipitia pembeni. Sisi wengine tulizunguka nyuma ya ua, upande wa lile pazia, tukatandika mikeka vumbini. Mzee Nassoro akapita katikati yetu kidole kikiwa mdomoni. Asijibu mtu. Tulikubaliana hivyo, hata mama alikubali, ingawa niliona jinsi alivyokuwa akivuta ukili wa mkeka mpaka ukakatika.

"Mama," nikamnong'oneza, "atatuita na hatupo."

"Nyamaza."

Kupitia matundu ya makuti nilimwona Mzee Nampunja kwa mgongo. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa kazini. Alikuwa amesimama kwenye kiboksi, shati limelowa, mkono wa kulia umemwinua Bi Sahau na sikio ameligeuzia pazia. Mbele ya pazia, viti. Sikuviona, lakini nilivisikia vikilia kila mgeni aliposogea.

"Wanangu, mpo?" Bi Sahau akauliza.

Vipaza sauti vikacheka.

Mzee Nampunja akashtuka. Hakuelewa kwa nini wamecheka kabla ya neno. Akangoja, kicheko kikatulia. Akaanza kutafuta miwani, akauliza iko wapi, na hakuna aliyemwambia. Akamgeuza Bi Sahau kushoto, vicheko vikaja, basi akadhani kushoto ndiko tunakotaka, akaendelea kushoto. Kumbe kaseti ilikuwa inazunguka tu. Akasema jambo la kuchekesha kweli kweli, kukawa kimya. Akakohoa, wakamcheka. Yule bibi wa mti alianza kwenda huku na huku. Mgeni mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mzee hana kitu tena." Alisikia. Najua alisikia, kwa sababu masikio ndiyo aliyokuwa nayo.

"Wanangu, mpo?" akauliza tena.

Nikafungua mdomo. Mama akauziba kwa kiganja chake, akaukaza. Kote mikekani watu walikuwa wameinamisha vichwa, na Mzee Nassoro aliyetuapisha alikuwa anafuta macho kwa kofia yake. Nilimchukia Hemedi. Nilituchukia na sisi.

Mara ya tatu haikuwa sauti ya Bi Sahau. Ilikuwa yake mwenyewe Nampunja, sauti ile nyembamba ya njiani, isiyomaliza salamu.

"Wanangu. Mpo?"

Kiganja cha mama kikatoka mdomoni pangu.

"Jibu," akasema.

Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. "Tupo! Na wewe je?" Na kabla sijavuta pumzi mikeka yote ikawa imeitikia, wazee kwa watoto, na mwitikio wetu ukaruka ua na kuvizamisha vile vipaza sauti.

Mzee Nampunja akageuka. Alitafuta sauti zinatoka wapi, akayaona macho yetu kwenye matundu. Nikamwona anacheka, meno matatu yote nje. Akashuka kwenye kiboksi, akakisogeza kwa mguu mpaka kwenye ua wetu, akapanda tena. Bi Sahau akachomoza juu ya makuti na miwani yake kichwani, akatutazama huku akiwapa wageni mgongo.

"Mimi sijui," akasema, "hebu nijitafute."

Jamani. Sitaweza kuwaeleza. Tulimtuma kwa kila mtu siku ile. Tulimtuma kwa mkuu wa soko, tulimtuma kwa Mzee Nassoro aliyekimbia na nusu ya ndevu za mtu. Hatimaye mwanamke mmoja akasema, "Kichwani kwa Hemedi!" Bi Sahau akafikiria kidogo, akajibu, "Huko nimeshatafuta, hakuna kitu." Watu wakagaagaa chini.

Kelele zile ziliwatoa wageni ndani. Alikuja wa kwanza, akachungulia kwenye kona ya ua, akaja mwenzake. Mke wa mmoja wao alivua viatu, akavishika mkononi, akaomba nafasi kwenye mkeka wetu. Mama akasogea kumpisha.

Wa mwisho alitoka Hemedi mwenyewe. Alikuwa amebeba kiti. Sijui kwa nini alikuwa amekibeba, pengine alikuwa na lengo la kukikalia, pengine mikono yake haikujua la kufanya. Alisimama ukingoni mwa mkeka wetu akitutazama tulivyokuwa tukicheka, na uso wake, wajukuu zangu, ulikuwa uso wa mtoto aliyechelewa kwenye karamu ya kwao.

"Mama Somoe," akasema. "Mimi nikae wapi?"

Mama hakumdhihaki. Alimwonyesha nafasi pembeni yangu. "Hapa. Vua viatu kwanza."

Hemedi akavitazama viatu vyake. Aliinama kidogo, nikaona vidole vinagusa kamba za kiatu, na moyo wangu ukasema, fungua, fungua tu, na yote haya yatakwisha. Ndipo vipaza sauti vikaanza tena kule ndani. Tulikuwa tumevisahau. Ua ulikuwa mtupu, na watu wa kaseti walikuwa wanacheka. Hemedi akainuka, akasema, "Ngoja nikaizime kwanza," akaingia na kiti chake.

Hakurudi. Tumbuizo ilikufa kabla ya mwaka kwisha, na viti vile baadaye vikawa vya kukodisha kwenye harusi. Mzee Nampunja alituchezea Bi Sahau uwanjani, mikekani, mpaka mikono ilipomkataa, na mama alipokuwa akisimulia habari hii alikuwa hataji ushindi wowote. Kila mara aliishia na nafasi ile iliyobaki pembeni yangu. Wakati wote mchezo ulipokuwa ukiendelea hakuna aliyeikalia.

Kwa hiyo kesho mkirudi kwa huyo mwenyekiti wenu, mzomeeni kama mnaona inafaa, mimi siwakatazi. Lakini mkimaliza mwambieni kuna mahali pake, na mwambieni avue viatu. Akikataa, mwacheni na viti vyake avisikilize.

Ukikunja mkeka, kiti hakitacheka.